Kugawana uzalishaji duniani: nchi inapata kiwanda au inapata kibarua?

Kipima Joto: Wakuu, nchi inajisifu inauza nje elektroniki, ukiangalia chipu imetoka Taiwan, kioo Korea, programu Marekani, yenyewe imekaa katikati inafunga skrubu tu. Ile hesabu ya iPhone ya 2009 mnaikumbuka? Gharama ya kuitengeneza kama dola 179, China walioiunganisha wakabaki na dola 6 na nusu hivi, halafu kwenye takwimu za biashara simu nzima inaandikwa imetoka China. Huo ni ushindani wa viwanda au tunadanganyana?

Bi Tufani: "Inafunga skrubu TU". Umeandika hiyo tu umekaa kwenye kochi eeh? Mimi nimefanya laini ya bodi za elektroniki, mkononi kamba ya kuondoa umeme tuli, jicho kwenye lenzi, risasi ya kulehemu ikizidi kidogo miguu miwili ya chipu inagusana na bodi imekufa. Bisibisi yenyewe ya umeme, imesetiwa nguvu, ukikaza sana kioo kinapasuka na kosa linaandikwa namba yako. Njoo ukae nusu shifti tu.

mkuki77: Dada pole, ila kama ni ujuzi kiasi hicho mbona kiwanda kikihama huko kiendako wanafundishwa wengine na mzigo unatoka? 😂

Bi Tufani: Unatoka ukiwa na bodi mbovu ngapi? Hujui, nyamaza. Na hiyo "dada pole" baki nayo.

Kipima Joto: Jamani sijamtukana mtu, nilikuwa naongelea NCHI.

Fundi Chipu: Turudi kwenye mada basi. Intel, wale Wamarekani wa chipu, waliingia Penang, Malaysia, 1972, kazi ndo hiyohiyo ya kuunganisha na kupima, leo kuna kampuni za wenyeji pale zinatengeneza mashine za kupimia chipu. Costa Rica wakaingia 1997, 2014 wakafunga uunganishaji kazi ikahamia Asia. Kampuni moja, matokeo mawili. Mimi naona cha kuuliza ni wenyeji wameanza kuuza nini kwa hicho kiwanda, maana kama hata boksi la kufungashia linatoka nje basi siku mwenye oda akiondoka anaondoka na kila kitu.

mkuki77: Costa Rica walibakiza wahandisi, usipotoshe. Bora wahandisi wachache kuliko ukumbi mzima wa bisibisi.

Bi Tufani: Huyu ana ugomvi na bisibisi.

Njiwa Mweupe: Mnaocheka skrubu nendeni mkasome ile ndege ya Boeing 787. Waligawa vipande dunia nzima, mabawa Japani, sehemu za bodi Italia, 2007 wakaionyesha kwa mbwembwe kumbe imefungwa vifungio vya muda kwa sababu vyenyewe havikupatikana 😂 Mteja wa kwanza alitakiwa aipate 2008, kaipata 2011. Kwa hiyo anayegawa kazi naye anaumia, si anayegawiwa peke yake.

Kipima Joto: Hiyo ndege, mimi nauliza nchi inayogawiwa. Tena niseme wazi, shida yangu kubwa ni mishahara.

Fundi Chipu: Mada imehama tena.

Bi Tufani: Mshahara ni mdogo kwa sababu mwenye oda anaweza kuipeleka kwingine kesho na bosi wenu anajua hilo, kazi kuwa rahisi haimo. Palipo na chama cha wafanyakazi kinachobana angalau mnaongea.

mkuki77: Vyama hivyohivyo ndo vilivyofukuza viwanda Marekani vikakimbilia Meksiko. Bisha.

Njiwa Mweupe: Nabisha. Mpango wa maquiladora, yaani viwanda vya kuunganisha bidhaa huko Meksiko mpakani na Marekani, ulianza 1965, na ulianzishwa na serikali ya Meksiko yenyewe, baada ya Marekani kufunga mpango wa vibarua wa Kimeksiko kwenye mashamba yake 1964 watu wakarundikana mpakani hawana kazi. Vyama vimeingilia wapi hapo?

mkuki77: Mimi nimesema vilivyokimbia, wewe unaniambia aliyewafungulia mlango. Soma kwanza.