Mrejesho: wiki ya 13 dume, wiki ya 21 binti

Wakuu, niliuliza tuamini ipi: altrasaundi ya wiki 13 iliyosema wa kiume, au ya wiki 21 iliyosema wa kike. Ni ya pili. Kabla ya wiki 14 kinundu cha sehemu za siri hufanana kwa wote. Mpimaji hutazama kama kimeinuka au kimelala, kukosea ni rahisi. Kuanzia wiki 18–20 wa kike huonyesha mistari mitatu midogo, mradi hajabana miguu. Kamba ya kitovu ikipita mapajani nayo hudanganya.

Jina la kiume tulilopanga, Masanja, tumeliweka kando. Bibi wa Magu anacheka tu: wangekuwa pacha tusingehangaika, kwa Wasukuma ni Kulwa na Doto, jinsia yoyote, na atakayezaliwa baada yao Shija.