Klachi ya Land Rover 109 yenye injini ya Toyota 3L: tubadili pleti, flaiwili au giaboksi nzima?

Mjenzi wa Mwanjelwa

Wakuu, salamu kutoka Mbeya. Ninaunganisha Land Rover Series III ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) na injini ya Toyota 3L, ile dizeli ya sentimita za ujazo 2,779. Giaboksi ya Land Rover nimeibakiza kwa sababu propela (shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu) na difu zake bado ni nzima. Bamba la kuunganishia injini na giaboksi limeshachongwa. Kilichonikwamisha ni klachi. Shafti ya giaboksi ina meno 10 mapana, ilhali pleti (diski ya klachi) ya Toyota ina meno 21 membamba, hivyo haiingii kabisa. Flaiwili niliyo nayo (gurudumu zito la nyuma ya injini) inafunga klachi ya milimita 236, na klachi ya Land Rover ni ya inchi 9.5, yaani takribani milimita 241.

Nimeshauriwa njia tatu. Ya kwanza ni kung'oa ribiti za pleti zote mbili, kisha kuweka habu (kitovu chenye meno) ya Land Rover kwenye pleti ya Toyota. Ya pili ni kutoboa flaiwili ya Toyota ili ipokee presha pleti (kava linaloibana pleti kwenye flaiwili) ya Land Rover. Ya tatu ni kuachana na giaboksi hii na kutafuta ya Toyota yenye klachi yake. Gari litabeba mzigo kati ya Mbeya na Chunya, ambako kuondoka ukiwa katikati ya mlima ni jambo la kila siku. Naomba uzoefu wenu.

Fundi wa Mafiati

Ndugu yangu, njia ya kwanza nakuomba uiache. Niliwahi kupokea gari lililofungwa pleti ya namna hiyo, na mwenye nalo alilalamika kwamba gia haziingii injini ikiwa imewaka. Tulipolishusha giaboksi tulikuta vichwa vya bolti za flaiwili vina duara linalong'aa kama sarafu mpya, kwa sababu habu iliyopandikizwa ilikuwa imetokeza upande wa injini na ilikuwa ikisaga bolti hizo kila klachi ilipokanyagwa. Ribiti nazo zilikuwa zimegongwa kwa mkono, habu ikawa nje ya senta kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha kuifanya pedali itetemeke.

Hata ikifungwa vizuri, fikiria siku itakapoisha. Ukiwa Makongolosi, kule Chunya, na pleti imeungua, duka gani litakuuzia pleti ambayo fundi mmoja tu aliitengeneza?

Mkulima wa Njombe

Mimi nilichukua njia ya tatu, na kwa upande wa klachi sijapata shida yoyote: pleti, presha pleti na rilizi bearing (bearing inayosukuma presha pleti ili klachi iachie) vyote ni vya Toyota na vinapatikana. Gharama ilijitokeza kwingine. Nililazimika kukata na kuunganisha propela zote mbili, kutengeneza vikalio vipya vya giaboksi kwenye chasi na kufungua sakafu upya kwa ajili ya liva za gia. Kama difu na propela zako ni nzima, mzee wangu, sioni sababu ya kuzigusa.

Mchongaji wa Uyole

Naunga mkono njia ya pili, na naomba nieleze kwa nini. Katika klachi kuna vitu vinavyoisha na vitu visivyoisha. Pleti, presha pleti na rilizi bearing huisha, kwa hiyo hivyo vibaki kama vinavyouzwa dukani. Flaiwili, bamba na bushi ya krenki (inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi) hukaa miaka mingi, kwa hiyo kazi ya kuchonga ielekezwe huko. Ukifuata hivyo, siku ya kubadili klachi utaomba klachi ya Land Rover Series III ya inchi 9.5, bila maelezo ya ziada.

Usidanganyike na tofauti ya milimita 5 kwa kudhani pleti ya Land Rover itakaa ndani ya presha pleti ya Toyota. Kwa macho zinaonekana sawa, lakini ukingo wa pleti utabaki nje ya sehemu inayobanwa na unaweza kugusa kava. Idadi ya meno nayo haitoshi kukuhakikishia. Kule Marekani, wanaochanganya injini na giaboksi za makampuni mbalimbali hukuta pleti za Ford na za Chevrolet zote zikiwa na meno 10, lakini shafti moja ni ya inchi 1 1/16 na nyingine inchi 1 1/8. Pima kwa venia (rula ya kubana yenye vipimo vidogo), kisha ivalishe pleti kwenye shafti: inapaswa kuteleza yenyewe bila kusukumwa na bila kuchezacheza.

Kuhusu kutoboa, flaiwili ifungwe kwenye mashine na senta itafutwe kwa saa ya kupimia (geji yenye mshale), si kwa kuchora na chaki. Presha pleti ikaliwe na pini za mwongozo, kwa sababu bolti peke yake hazishiki senta. Matundu mapya yaangukie kwenye nafasi zilizo kati ya matundu ya zamani, si juu yake, na miguu yote ya presha pleti ikae juu ya chuma bapa. Baada ya hapo flaiwili ipimwe balansi ikiwa peke yake, kisha ikiwa na presha pleti, na zote zipigwe alama ili zirudishwe vilevile. Flaiwili inazunguka karibu na miguu ya dereva; kwenye hili sikubali mkato.

Bushi ya krenki nayo isisahauliwe. Nje ifuate tundu la krenki ya Toyota, ndani ifuate ncha ya shafti ya Land Rover, na ncha hiyo isigonge mwisho wa tundu.

Dereva wa Iringa

Hapo nimeelewa. Je, rilizi bearing na mafuta ya klachi? Gari langu la mchanganyiko lilikuwa zuri asubuhi, lakini foleni ya malori kwenye mlima Kitonga ilipokuwa ndefu klachi ikawa haiachii.

Mchongaji wa Uyole

Kaka, anza kwa kuangalia hewa kwenye mfumo na mwendo wa foki (uma unaosukuma rilizi bearing). Bearing ifuate presha pleti na foki, na umbali wake hadi kwenye vidole vya presha pleti upimwe upya, kwa kuwa unene wa bamba hubadili kila kitu. Masta silinda (pampu ya mafuta ya pedali) ya inchi 3/4 husukuma mafuta asilimia 44 zaidi ya ile ya inchi 5/8 kwa mwendo uleule wa pedali, ila pedali huwa nzito kwa kiasi hichohicho. Usiibadili kabla ya kupima.

Mjenzi wa Mwanjelwa

Nashukuru sana, wakuu. Leo nimeipima flaiwili: uso wake ni bapa na miguu ya presha pleti ya Land Rover inakaa yote bila kufika kwenye meno ya stata. Nimeweka vipande vya udongo laini juu ya bolti za krenki, nikafunga pleti na presha pleti kwa muda kwa vibanio, kisha nikafungua. Udongo uliobaki una unene wa milimita 4, kwa hiyo habu haigusi. Jumatatu naipeleka Uyole ikatobolewe, pamoja na krenki na shafti kwa ajili ya kipimo cha bushi.