Kuangalia ndege: safari moja kubwa ya nje au nizunguke hapahapa nyumbani?

Mdau_wa_Bwawani

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana nimekwama. Naangalia ndege mwaka wa sita sasa, nilianzia kwenye bwawa la karibu na ninapoishi, vitwitwi na mdiria, na tangu hapo wikendi bila darubini naiona haijakamilika. Nimedunduliza muda mrefu na sasa nna hela ya safari moja ya nje. Moyo unataka Ecuador kwa ajili ya ndege mvumaji (hummingbird), wale hawapatikani popote nje ya mabara ya Amerika, na Ecuador pamoja na udogo wake ina zaidi ya aina 120 za hao peke yao. Sasa rafiki yangu ninayetoka naye kila wiki anasema hela hiyohiyo inanizungusha nchi nzima mara tatu, na ni kweli ipo misitu humuhumu ndani sijawahi kuikanyaga.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba nje nishawahi kwenda mara moja. Tulikuwa kundi la watu kumi na mbili, siku tisa, tukarudi na orodha ya ndege zaidi ya 200. Leo ukinikalisha chini nikuelezee ndege ninaowakumbuka vizuri, yaani rangi, sauti, alikuwa anafanya nini, hawafiki ishirini. Mwongozaji alikuwa anajua sana kazi yake ila ilikuwa "yule pale, kila mtu kamuona? haya twende". Kuna kigong'ota mmoja mkubwa nilimpata kwenye darubini ndo kwanza anaanza kubandua gamba la mti, nikaitwa garini. Nikifungua daftari la safari ile naona majina na alama za tiki basi. Hiyo hali sitaki irudi, iliniuma.

Kwahiyo: niende au nibaki? Na nikienda nifanyeje ili nirudi na ndege, sio na orodha?

Chozi_Kijani

Nenda mkuu, ila badilisha namna ya kwenda. Tatizo lako halikuwa nchi, ulikutana na ndege 200 ambao hukuwa unawajua hata mmoja kabla hujafika. Huku nyumbani ukisikia ndege chozi analia hata hujamtafuta ushajua ni nani, macho yanabaki na kazi moja tu ya kumtazama. Kule macho yalikuwa yanafanya kazi zote, rangi ya mdomo, mistari ya bawa, jina, na kabla hujamaliza ndege kaondoka.

Mimi kabla ya kwenda Ecuador nilichagua ndege 30 tu. Nilisikiliza sauti zao kila siku karibu miezi mitatu, nikichota maji, nikitembea, hadi watu wa nyumbani wakaanza kuzitambua. Msitu wa milimani kule unaweza kutembea nusu saa ukasikia matone ya maji tu halafu ghafla linapita kundi mchanganyiko, ndege wa aina kumi na tano wanasafiri pamoja juu ya miti na dakika tano hawapo tena. Mgeni hapo anachanganyikiwa. Mimi nilisikia sauti mbili ninazozijua nikajua nielekeze wapi darubini, wengine wote nikawaacha wapite na sijutii.

Halafu kaa mahali pamoja. Nilikuwa na siku kumi nikalala sehemu mbili tu. Siku ya nne nimekaa kwenye benchi mbele ya chupa za maji ya sukari wanazowawekea, akaja yule mvumaji mwenye mdomo kama upanga, ndiye ndege pekee duniani ambaye mdomo wake ni mrefu kuliko mwili ukiacha mkia. Alitua kwenye kijiti kama mita tatu kutoka nilipo, mdomo kaunyanyua juu kama mtu aliyebeba mkuki, maana akiushusha unamwelemea. Akaanza kujisafisha kwa mguu, anainama upande anajikuna shingo, anabadilisha mguu, kwa sababu mdomo mrefu namna ile haufiki kwenye manyoya yake mwenyewe. Nilimtazama zaidi ya dakika kumi. Huyo nikizeeka nitakuwa nae bado.

mnana_na_kamba

Mimi nipo upande wa rafiki yako kabisa na sio kwa sababu ya hela.

Kuna mti mmoja wenye viota vya minana, wale ndege wanaofuma viota, nimeukalia asubuhi 23 msimu uliopita, mti mmoja tu. Kuna dume nilimfuatilia tangu alipofunga jani la kwanza, anachana ukanda mrefu wa jani bichi, anaukanyagia kwenye kijiti kwa mguu, mdomo unapitisha ncha chini unairudisha juu anakaza, fundo kabisa. Kiota kikaisha kikiwa kibichi kizuri, akawa ananing'inia chini ya mlango anapiga mabawa kuwaita majike. Majike wakaja, mmoja akaingia akavutavuta nyasi za ndani akatoka. Mwingine hivyohivyo. Siku zikaenda kiota kikaanza kuwa cha kahawia na kikishafikia hapo majike hawakitaki, asubuhi moja nikamkuta anakibomoa mwenyewe, uzi baada ya uzi, na kesho yake akaanza kipya palepale. Niambie ni ziara gani ya siku tisa itakuonyesha hicho. Unahitaji mahali unapoweza kurudi kesho, na keshokutwa, na mvua ikinyesha ukarudi tena.

Na kitu kingine, hao wa nje wengine wanakuja wenyewe. Mbayuwayu unayemuona Afrika kusini mwa Sahara msimu wa baridi ya Ulaya huenda alizaliwa kwenye zizi la ng'ombe huko kaskazini. Mwaka 2022 sululu mmoja wa Alaska, kinda wa miezi mitano tu, aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia, aliruka mpaka Tasmania kilomita kama 13,560 kwa siku 11 bila kutua hata mara moja. Kinda ambaye hajawahi kuiona njia! Tangu nisome habari ile nikiona ndege wa matopeni namuangalia kwa heshima tofauti.

Darubini8

Naongezea ya vitendo maana hakuna aliyegusa.

Ukienda msituni chukua 8x42 usichukue 10x. Namba ya kwanza ni kukuza, ya pili upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ile ya 10 inakuza na mtetemeko wa mikono pia, na eneo unaloona ni dogo, ndege anayerukaruka majanini utamtafuta mpaka shingo iume. Ukisafiri kwa eropleni darubini ikae begi la mkononi. Na usiilaze kwenye chumba chenye AC ukiwa nchi ya joto la unyevu, asubuhi ukitoka nje lenzi zinapata ukungu na huo ndo muda ndege wako kazini, utabaki unafuta tu.

Kabla hujakata tiketi ingia eBird, tovuti ambapo waangalia ndege wanaandika walichoona, uangalie grafu za eneo lile zinaonyesha kila ndege anaonekana wiki zipi za mwaka. Kwenye Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, pakua ndege wa nchi ile ukiwa bado nyumbani, kule intaneti usiitegemee.

Na kuna aina ya safari hamjaitaja, kwenda kuona tukio badala ya orodha. Mimi nilikwenda Batumi kule Georgia mwanzoni mwa Septemba. Ndege mbuai wanaohama wanapaa kwa hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini na juu ya bahari hewa hiyo haipo, kwahiyo wanabanwa kwenye ukanda mwembamba kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi. Msimu mmoja wanapita zaidi ya milioni moja. Niliwakuta wale mwewe wanaochimbua viota vya nyigu, wanazunguka kama moshi mpaka wanakuwa nukta halafu wanateleza kusini mmoja nyuma ya mwingine. Aina niliona chache, na ndo safari bora maishani mwangu.

Chozi_Kijani

Moja nilisahau. Muulize mwongozaji mapema kama anatumia spika kuwaita ndege kwa sauti za kurekodi. Akizidisha hasa wakati wa kutaga kataa. Dume anaacha kiota anakuja kupigana na adui ambaye hayupo.

mnana_na_kamba

@Chozi_Kijani hapo tuko pamoja 100%. Mimi hata mara moja siitumii.

Darubini8

Mara moja kwa muda mfupi kwa ndege wa kawaida sioni shida kubwa, hasa ukiwa na mtu asiyeweza kutembea ndani ya msitu. Ila eneo linalopokea makundi kila siku hapana, yule ndege anasumbuliwa na kila anayepita.

Mdau_wa_Bwawani

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili mbili. @mnana_na_kamba hiyo ya dume kubomoa kiota imenikaa, nimegundua bwawani kwangu kuna mti wa minana ninaoupita kila wiki bila kusimama.

Nimeamua hivi. Ecuador nitakwenda ila mwakani, sehemu mbili tu kama alivyosema Chozi, na mwongozaji wa hukohuko kwa siku chache badala ya kundi. Mwaka huu nabaki nyumbani, nitachagua msitu mmoja kati ya ile ambayo sijafika nirudi mara nne kwa misimu tofauti. Na sauti naanza kesho. Wa kwanza kwenye orodha yangu ya 30 ni huyo wa mdomo wa upanga, ila nimemsikiliza sasa hivi sauti yake ni ndogo sana, @Chozi_Kijani ulikuwa unamsikia kweli kule au ulimuona tu?

Chozi_Kijani

Nilimuona tu mkuu. Yeye sikiliza mabawa, yanavuma kwa uzito kuliko ya wenzie wadogo, utageuka kabla hujajua kwa nini umegeuka.