Ikiwa uamuzi wa idadi ya watoto ni wa mume, mbona mwili unaoteseka ni wa mke?

Baba wa Watatu anauliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu juu ya jambo linaloninyima usingizi. Mimi na mke wangu tuna watoto watatu, na kwa miaka tisa ya ndoa yetu yeye ndiye aliyebeba kila njia ya uzazi wa mpango: alianza na vidonge akawa anaumwa kichwa, akahamia sindano akatokwa na damu bila mpangilio kwa miezi kadhaa, kisha akawekewa kipandikizi, yaani kijiti cha kuzuia mimba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, ambacho sasa anataka kitolewe. Muda wote huo sikufuatana naye kliniki hata mara moja, ingawa kila tulipozungumzia mtoto mwingine nilisisitiza kwamba uamuzi ni wangu kwa kuwa mimi ndiye kichwa cha nyumba. Wiki iliyopita aliniuliza kwa upole, "Kama uamuzi ni wako, mbona mwili unaoteseka ni wangu?" Nilikosa la kusema.

Sote wawili tumeridhika na watoto tulio nao, naye amependekeza nifikirie kufunga kizazi mimi. Rafiki zangu wawili niliowadokezea wamenionya kwamba nguvu za kiume zitakwisha, na kwamba mke atapata mwanya wa kutoka nje ya ndoa bila kuogopa mimba. Je, kuna ukweli gani katika maneno hayo? Na wenzangu mliowahi kulikabili jambo hili, mliamuaje?

Muuguzi wa Uzazi anajibu:

Kaka, nimefanya kazi katika chumba cha ushauri wa uzazi wa mpango kwa muda mrefu, na nikwambie jambo linaloniumiza: wanaume wengi niliowaona wakiingia chumbani humo walikuja kudai kipandikizi cha mke kitolewe. Aliyekuja kuuliza afanye nini yeye mwenyewe alikuwa nadra.

Kuhusu nguvu za kiume, watu wanachanganya kufunga mirija inayopitisha mbegu, yaani kufunga kizazi kwa mwanamume, na kuhasiwa. Korodani zinabaki mahali pake na zinaendelea kutengeneza testosteroni, homoni ambayo husafiri kwa njia ya damu wala haipiti katika mirija inayofungwa. Kinachozuiwa ni mbegu tu, na kwa kuwa mbegu ni sehemu ndogo mno ya shahawa, mwanamume anaendelea kufika kileleni na kutoa shahawa kama zamani. Kazi yenyewe hufanywa kwa ganzi ya sehemu husika, kwa kawaida huchukua chini ya nusu saa, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mirija ya mwanamke iko ndani ya tumbo, kwa hiyo kuifikia ni upasuaji mkubwa zaidi wenye hatari zaidi. Hata hivyo, duniani kote wanawake waliofungwa kizazi ni wengi kuliko wanaume kwa mbali sana.

Jambo ambalo nakusihi ulishike ni kwamba njia hii haianzi kufanya kazi siku hiyohiyo. Mbegu zilizokwisha kupita huhitaji takriban miezi 3 kuisha, na katika kipindi hicho lazima mtumie kondomu au njia nyingine, mpaka kipimo cha shahawa kithibitishe kwamba hazipo tena. Niliwahi kushuhudia ndoa ikiyumba kwa sababu mume alipuuza agizo hilo, mke akashika mimba mwezi wa pili, naye akamtuhumu uzinzi kwa mimba iliyotokana na mbegu zake mwenyewe. Baada ya kuthibitishwa, mimba hutokea kwa nadra sana. Njia hii haizuii magonjwa ya zinaa, na ichukulie kuwa ni ya kudumu, kwani upasuaji wa kuifungua upo lakini hauna uhakika. Ukiwa na shaka yoyote, usiifanye; tumia kondomu, ukijua kwamba kwa jinsi watu wengi wanavyoitumia, wanawake wapatao 13 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka, ilhali kwa wanaoitumia sawasawa kila mara ni wapatao 2.

Msimamo wa Kale anajibu:

Ndugu yangu, mimi naona unaharakishwa. Mume ni kiongozi wa nyumba na hapaswi kuona haya kwa hilo. Watoto ni baraka, na hakuna ajuaye kesho: kifo kinaweza kuchukua mtoto, au ndoa ikavunjika ukahitaji kuanza upya. Mwanamke ameumbwa kuzaa, na mambo ya uzazi ni yake tangu zamani. Simaanishi umtese mkeo, bali nasema usijifungie mlango ambao hutaweza kuufungua.

Mzee wa Subira anajibu:

Msimamo wa Kale, hoja yako ya mlango ni nzito, na kila mwanamume anapaswa kuipima. Ila hayo mengine hayapatani: mambo ya uzazi yakiwa ni ya mwanamke, basi na idadi ya watoto aamue yeye, yakiwa ni ya kiongozi wa nyumba, kiongozi na aingie kliniki. Hata katika fikihi ya Kiislamu, wanazuoni wengi waliozungumzia azli, yaani kumwaga nje, waliweka sharti la ridhaa ya mke. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake nao unawapa mume na mke haki sawa za kuamua idadi ya watoto na nafasi kati yao.

Mimi nilifunga nikiwa na miaka 41. Maumivu yalikuwa ya siku chache, nilivaa chupi ya kubana na kuepuka kubeba vitu vizito kwa wiki moja. Nilijidai kuogopa kupungukiwa nguvu, kumbe niliogopa watu watanionaje. Ama hilo la mke kutoka nje, mwanangu, ikiwa kinachomzuia mkeo ni hofu ya mimba tu, basi tatizo lenu halihusiani na mirija.

Mama Aliyenyamaza anajibu:

Nimewasoma nyote, nami naongeza upande wangu. Kwa miaka minne nilichoma sindano kwa siri, kwa sababu sindano haiachi vidonge kabatini wala kijiti cha kupapaswa mkononi, na kadi yangu ya kliniki ilikaa kwa jirani. Mume wangu aliamini kwamba Mungu bado hajajalia, na ndugu zake wakaanza kuniita tasa baada ya mtoto mmoja. Nilipotokwa na damu nyingi nilishindwa kumwomba anipeleke kutibiwa, maana ningesema ninaumwa nini? Alikuwa amenikataza kwa sentensi moja, akaona jambo limekwisha. Kaka uliyeuliza, mkeo amekwambia wazi. Tafadhali mjibu.

Baba wa Watatu anaandika tena:

Nawashukuru nyote, na hasa wewe, dada uliyeandika mwisho. Nimeyasoma maneno yako mara kadhaa. Jana usiku nilimwomba mke wangu msamaha kwa ile miaka ya kliniki, tukakubaliana twende pamoja Jumatatu kutoa kipandikizi. Kuhusu kufunga kizazi bado sijaamua, nami nimemwambia hivyo. Kwa sasa nitatumia kondomu, na hilo ni jukumu langu.

Muuguzi wa Uzazi anajibu:

Vizuri, kaka. Kipandikizi kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi sana, hata kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo msitoke kliniki siku hiyo bila kondomu mkononi. Na mwombe mhudumu akuonyeshe wewe jinsi ya kuzivaa.