MJADALA: Ruzuku ya mbolea iishie kwenye mfuko, au imsaidie pia mkulima kufikisha samadi shambani?

Mtoa mada: Wadau, tangu msimu wa 2022/23 serikali yetu ya Tanzania inabeba sehemu ya bei ya mfuko wa mbolea, na mimi sipingi hilo. Ninachopinga ni samadi ya zizini kuachwa nje kwa hoja kwamba naitrojeni yake, kirutubisho kinachohitajiwa sana na mahindi, ni kidogo. Wanaosema hivyo wanahesabu chakula cha mahindi peke yake. Nyungunyungu, mchwa, utitiri na viumbe wengine wadogo wa ardhini hawali urea, ile mbolea ya viwandani ya naitrojeni. Wanakula mabaki ya mimea, samadi, na vijidudu vinavyoviozesha. Wakishiba wanachimba, wanachanganya udongo, kinyesi chao kinashikamanisha chembechembe zake, na vijia vyao vinapokea mvua ambayo ingetiririka na kuondoka na rutuba.

Pale Kabete, pembezoni mwa Nairobi, kuna jaribio la mahindi na maharage lililoanza 1976. Vipande vingine hupata samadi, vingine mbolea ya viwandani, vingine vyote viwili. Watafiti walipochimbua, penye samadi nyungunyungu walikuwa wengi zaidi na wa aina nyingi zaidi. Fedha ya umma ilipie usafiri wa samadi na mafunzo ya kuiozesha.

Mkulima, Mbozi: Hesabu inakukataa, ndugu yangu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Samadi kavu yenye naitrojeni asilimia 1, na nyingi ya mazizi yetu haifiki hapo, itabidi uwe na tani mbili na zaidi ili ulingane na mfuko huo mmoja, na bado haitoi yote msimu wa kwanza. Nani atasomba mzigo huo?

Halafu si kila mdudu anayekuja na samadi ni rafiki. Samadi mbichi inavuta funza weupe, wanakata mizizi ya mahindi, mmea unalala. Inaleta na mbegu za magugu. Ya kuku ikiwekwa mbichi, amonia yake inaunguza miche na kuwaua hao hao nyungunyungu unaowatetea.

Daktari wa mifugo, Hai: Pande zote mbili mmeruka jambo moja. Ng'ombe akipewa ivermectini, dawa ya minyoo, sehemu kubwa ya dawa hutoka kwenye kinyesi ikiwa bado na nguvu, na huua mabuu ya mbawakawa na nzi wanaokula mavi. Watafiti wa Uingereza walilionyesha mwaka 1987: mavi ya ndama waliowekewa kidonge cha kutoa dawa polepole yalibaki malishoni bila kuoza, wakati ya ndama wasio na dawa yalikwisha kumong'onyoka. Kwetu huku dawa inatolewa kwa zizi zima bila hata kupima kinyesi kama kuna minyoo. Tukigharamia samadi, tuulize pia imetoka kwa mnyama aliyepewa nini.

Mtoa mada: Daktari, asante sana, hilo liingie kwenye mafunzo.

Ndugu wa Mbozi, hesabu yako ya naitrojeni ni sahihi, na sijasema tuache urea. Kabete penyewe, vipande vinavyopata samadi pamoja na mbolea ya viwandani ndivyo vinavyovuna vizuri zaidi. Ila urea peke yake mwaka baada ya mwaka huongeza asidi ya udongo, na nyungunyungu hawavumilii udongo wenye asidi kali. Samadi hupunguza madhara hayo. Funza na magugu dawa yao ni lundo: ligeuzwe, lipate joto, lisipelekwe shambani kabla halijapoa na kugeuka jeusi, laini, lisilo na harufu.

Swali lako la nani atasomba ndilo hasa ninalotaka tulijadili. Kwenye maboma ya wafugaji wetu samadi ya miaka mingi imelala tu, huku mwenye shamba mlimani hana hata debe. Kenya, samadi ya Kajiado hupakiwa kwenye malori kwenda mashamba ya nyanda za juu, na mfugaji analipwa. Sasa niambie wewe unayelima: lori likifika kijijini kwako nusu ya nauli imelipwa na serikali, ungeshusha tani ngapi kwa ekari, na ungepunguza mifuko mingapi ya urea?