Tupeane uzoefu: giaboksi otomatiki za magari ya zamani, zipi zimedumu na kwa nini

Naanza mimi. Gari langu la mwaka 1970 lina Turbo-Hydramatic 350 ya gia 3. Liliwahi kutoa moshi mweupe mzito huku ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ikipungua, bila tone hata moja kuonekana chini ya gari. Fundi wa kwanza alilaumu injini na kutaka kuipasua. Nilichomoa mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye modyuleta, kifaa kinachotumia mvuto huo kurekebisha shinikizo la oili ya giaboksi, nikauinamisha juu ya kitambaa cheupe, na oili nyekundu ikachuruzika. Kiwambo cha ndani kilikuwa kimetoboka kwa uzee, hivyo injini ilikuwa ikiifyonza oili ya giaboksi na kuiunguza. Modyuleta hushikiliwa na bolti moja. Niliibadilisha, na giaboksi yenyewe haijafunguliwa hadi leo. Je, kwenu ni mabadiliko yapi ya usanifu yaliyoongeza uimara, na yapi yaliyohamisha tatizo tu?

Mchangiaji wa pili
Mimi nina giaboksi mbili za TorqueFlite. Ya mwaka 1964, ambayo bado huchaguliwa gia kwa vitufe, ina pampu ya nyuma inayozungushwa na magurudumu, kwa hiyo betri ikifa, gari lingine hunisukuma hadi injini inawaka. Ya mwaka 1968 nilijaribu kuiwasha vivyo hivyo, tukahangaika asubuhi nzima kabla sijajua kwamba pampu hiyo iliondolewa kuanzia magari ya 1966. Sikuona hasara kubwa, maana kifaa kisichokuwepo hakivuji wala hakichakai. Jambo moja tu: oili yake ipimeni injini ikiwaka na gia ikiwa N (huru), kwa sababu kwenye P (maegesho) za miaka ile konveta, kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili, haijazwi, na stiki ya kupimia itawadanganya.

Mchangiaji wa tatu
Ndugu mwanzisha mada, umezungumzia vakyumu. Mimi nimeunguzwa na kebo. Nilifunga 700-R4, iliyoanza kutumika 1982, kwa tamaa ya gia ya nne yenye uwiano wa 0.70, ambayo huipumzisha injini safarini. Haina modyuleta: shinikizo la oili hufuata kebo inayotoka kwenye kabureta. Nilibadilisha kabureta, nikaiunganisha kebo kwa kukadiria, na gari likawa linabadilisha gia mapema na kwa ulaini ulionifurahisha. Kumbe ulaini ule ulikuwa klachi zikiteleza kwa kukosa shinikizo. Nilipofungua sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), oili ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Matoleo ya 1987 na kuendelea yaliimarishwa sana, lakini hata hayo hayavumilii kebo iliyolegea.

Mchangiaji wa nne
Yangu ni Powerglide, gia 2, yenye kasha la aluminiamu lililoanza 1962. Ni nzito kuondoka na hupiga kelele mlimani. Lakini nimebadilisha sili ya mbele mara moja tu.