Salma kaanza oganiki

Salma: Assalaam alaykum jamaa zangu. Nimefika Dar salama, chumba nimepata. Wiki hii tumeanza kemia ya oganiki. Waliotutangulia wanasema hii ndiyo inayowang'oa watu chuoni, na dawa yake ni kukariri mimenyuko yote, yaani jinsi kila kitu kinavyogeuka kikikutana na kingine. Kaka Said, wewe umepita huko kwenye famasia. Ni kweli?

Mama: Waalaykum salaam mwanangu. Umekula?

Salma: Nimekula Mama, wali na maharage.

Said: Usikariri mdogo wangu. Mimenyuko ni mingi mno, na kwenye mtihani utaletewa molekuli hujapata kuiona. Wewe fuata elektroni tu: zinatoka zilipo nyingi, zinakwenda zinakohitajika.

Salma: Mhadhiri anachora mishale iliyopinda, anafuta, anachora tena. Simpati.

Said: Kila mshale ni safari ya elektroni, zinakotoka na zinakokwenda. Chukua asitoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Katikati pana kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili. Oksijeni inavuta sana, elektroni zinaelemea kwake, kaboni inabaki na upungufu. Ikija molekuli yenye elektroni za akiba, itaelekea wapi?

Salma: Kwenye kaboni.

Said: Haswa. Mshale wa kwanza unaanza kwenye hizo elektroni za akiba, unaishia kwenye kaboni. Lakini kaboni haibebi bondi tano, kwa hiyo moja lazima ivunjike. Mshale wa pili unatoka kwenye bondi ya pili ya oksijeni, unarudi kwa oksijeni yenyewe. Angalia sana mshale unakoanzia. Wengi wanauanzisha kwenye H, yaani haidrojeni, yenye chaji chanya, na ile haina hata elektroni moja ya kutoa. Hapo ndipo maksi zinapotea.

Ami Khamis: Said kasema kweli. Mimi nimefundisha kemia skuli miaka mingi. Mwanafunzi anasoma jibu kitabuni, anasema nimeelewa. Mwambie afunge kitabu achore, hachori. Salma, chora kila siku kwa mkono wako. Na nunua viazi na njiti za meno uunde molekuli, maana karatasi ni bapa na kaboni si bapa. Kuna molekuli inaitwa kavoni, ina maumbo mawili kama mkono wa kulia na wa kushoto. Atomu zile zile, bondi zile zile, lakini moja inanukia nanaa, nyingine kisibiti.

Salma: Pua inatofautisha??

Ami Khamis: Inatofautisha. Vipokezi vya puani navyo vina umbo lake.

Mama: Bibi yuko hapa nami, anauliza kemia hiyo ni ya vitu gani.

Ami Khamis: Mwambie ni ya vitu vya kaboni: mafuta, sukari, dawa, sabuni. Zamani wataalamu waliamini vitu hivi hutoka kwa viumbe hai tu. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, Mjerumani, akaipata yurea kwenye chombo cha maabara. Yurea hiyo hiyo iliyomo kwenye mkojo, na ndiyo mbolea tunayotia shambani.

Salma: Mama, mwambie Bibi praktiko yetu ya kwanza ni kutoa mafuta ya karafuu kwa mvuke wa maji!

Mama: Anacheka. Anasema makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanachemshwa hapa Pemba siku zote, na karafuu ndiyo aliyokuwa akituwekea jino likiuma.

Said: Na alikuwa sahihi. Yujenoli iliyomo ndiyo inayotia ganzi. Madaktari wa meno huichanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Salma: Lakini yujenoli inachemka kwenye nyuzi 254 hivi. Vipi itoke na mvuke wa maji usiofika hata 100?

Ami Khamis: Swali zuri sana hilo. Mafuta na maji havichanganyiki, kwa hiyo kila kimoja kinatoa mvuke wake bila kujali mwenzake. Kanieneo zao, yaani misukumo ya mivuke hiyo, zinajumlishwa. Jumla ikifikia ya hewa, vyote vinachemka pamoja, kabla ya 100. Utaona maji yanayodondoka ni meupe, yamejaa vitone vya mafuta.

Salma: Nitaangalia hilo In shaa Allah. Kaka, ule wa asitoni nimeuchora, picha hiyo hapo. Mwisho nimetia maji. Mshale wa tatu unatoka kwenye oksijeni yenye chaji hasi, unakwenda kwenye H ya maji. Nimemaliza?

Said: Mishale mitatu yote iko sawa. Lakini hiyo H ilikuwa imeshikana na nani? Nayo haibebi bondi mbili.

Salma: Ngoja. Upo wa nne. Unatoka kwenye bondi ya O na H, unarudi kwenye oksijeni ya maji.

Said: Uchore, utume tena.